Chumvi ya Pembe

Bati nililikuta nyuma ya mdalasini,
kifuniko kimelegea, mwandiko wa mama ubavuni:
CHUMVI YA PEMBE.
Nikafungua. Hamna kitu, hata chembe.
Harufu tu, ile ya kupiga pua
kama zizi la farasi alfajiri.

Hakuna aliyeimaliza. Chumvi hii ukiiacha wazi
hujiendea yenyewe, kidogo kidogo, bila kuaga.
Miaka minne tangu tumzike,
bati limekaa rafuni likijimwaga hewani.

Zamani, alisema, walichoma pembe za paa
mpaka zikatoa unga mweupe.
Siku hizi hutoka kiwandani, na paa
amebaki kwenye jina tu;
yuko ng'ambo ya mto Ljusnan anatafuna magome,
hana habari.

Si hamira, inayoumuka polepole kama mtu aliyenuna.
Si magadi. Hii hungoja moto,
halafu huruka.

Mama alikuwa na sheria tatu na sauti moja.
Biskuti isizidi unene wa kidole changu cha mwisho.
Oveni ikifunguliwa, uso pembeni.
Na bakuli halilambwi!
Mimi na kaka yangu Torkel tulilamba kila kitu:
krimu, jemu, mpaka chuma cha ngazi wakati wa baridi
(ulimi ukanasa, tukamwagiwa maji ya vuguvugu).
Lakini bakuli la Ndoto,
ndilo jina la biskuti zenyewe, Ndoto,
nyeupe, zenye nyufa, za kuyeyukia mdomoni,
lilizamishwa majini kabla sijageuka.

Siku moja niliwahi.
Kidole kimoja cha unga mbichi.
Ulimi ukawaka, pua ikafunguka hadi utosini,
nikajua nakufa. Nikaanza kugawa mali:
viatu vyangu vya barafu achukue Torkel.
Mama akanipa maziwa.
"Hufi," akasema. "Utakumbuka tu."

Kisha ule mwaka aliofiwa mjomba Ivar.
Pasaka ikafika, akataka kuoka keki ya mkewe
kwa mikono yake isiyojua kupima.
Hamira hakuiona. Akaona bati.
Vijiko viwili, vya kujaa.
Keki iliumuka, ikasimama juu ya meza kama kanisa,
na unene ndio ulioiponza:
amonia ilitafuta mlango, ikaukosa, ikalala humo humo.
Tulikula kila mtu kipande, kimya, kwa heshima,
tukitafuna zizi zima pamoja na farasi.
Mbwa alinusa, akaenda kukaa nje kwenye theluji.
Hakuna aliyeumwa.
Mama alikula vipande viwili.

Leo nimenunua pakiti mpya.
Embla ana miaka saba, anasoma kila kilichoandikwa,
kidole chini ya herufi:
E, mia tano na tatu.
"Ni sumu?"

Nataka kumjibu kwa neno moja, nashindwa.
Namwambia: moto unaikata pande tatu,
mvuke wa maji, hewa ya soda, amonia.
Ni wageni watatu, na hawangoji siku ya tatu wapewe jembe.
Ukiwapa biskuti nyembamba na muda wa kutosha
wote wanaondoka,
wanaacha vyumba vitupu, na vyumba hivyo
ndivyo unavyovisikia vikivunjika menoni.
"Na wasipoondoka?"
Basi nikamsimulia habari za Ivar.
Alimcheka mbwa. Hakuicheka keki.

Dirisha tumelifungua, nje nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Trei imeingia. Harufu imekuja, kali,
imetuzunguka, imetafuta dirisha.
Tunangoja jikoni ibaki siagi peke yake.

Embla amekumbatia bakuli.
Ananitazama. Analitazama.
Kidole kimeshaanza safari

na sauti iliyonitoka, jamani,
ilikuwa na miaka themanini na moja.
Bomba lilikwisha kufunguliwa.
Mkono uliokuwa juu yake ulikuwa wangu.